Namba Tano ya Mkono wa Kushoto

Jumamosi tarehe 13 Mei 2023, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Madeleine, mmoja wa wafanyakazi, alilisukuma lango la karakana ya Nyundo Tano, kule Bagira mjini Bukavu, akashangaa kuona limerudishiwa tu bila kufuli. Alidhani Muzee Gérard amemtangulia. Kumbe Muzee alikuwa amelala kifudifudi mbele ya meza ya majaribio, mkono mmoja chini ya kifua, na damu iliyomtoka kisogoni ilikwisha kukauka ikawa nyeusi kama grisi. Madeleine hakupiga kelele. Alitoka nje, akalirudishia lango, akaketi kwenye jiwe la barazani, akawapigia polisi.

OPJ Adolphine Nsimire, ofisa mpelelezi wa polisi, alifika saa moja na robo akiwa na polisi wawili. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na kesi za mauaji alizokwisha kuzipeleleza hakupenda kuzihesabu. Kabla ya kumgusa maiti alizunguka chumba kizima taratibu, mikono nyuma. Tanuru lilikuwa limezimika. Nyundo kubwa ya umeme ilisimama katikati kama ng'ombe anayesinzia wima. Juu ya meza palikuwa na jiliwa la kubania chuma, na kando ya jiliwa vichwa vitatu vya fimbo za gofu, vyote vimevunjika shingoni. Mtaimbo mfupi wa kupindia ulikuwa sakafuni, karibu na mkono wa marehemu, safi, hauna damu.

Daktari alisema Muzee alipigwa mara moja, kwa nyuma, kwa kitu kizito chenye ukingo mwembamba. Alikadiria kati ya saa kumi na mbili na saa mbili za jioni ya Ijumaa. Polisi walitafuta kitu hicho kila mahali pa wazi, chini ya meza na nyuma ya mapipa. Hawakukiona.

Karakana ile ilikuwa kitu cha pekee. Bagira nzima hakuna aliyecheza gofu, lakini kwa miaka sita fimbo za chuma zilizofuliwa hapo zilikuwa zikivuka mpaka kwenda Kigali na Kampala, na wachezaji wa huko walizisifu. Mwanzilishi alikuwa Lucien Cishugi, injinia aliyesomea Lubumbashi. Mikono ilikuwa ya Muzee Gérard Bisimwa, mhunzi wa majembe kutoka Nyantende. Kila kichwa kilichopita mikononi mwake kiligongwa alama yake, herufi G ndani ya duara, na kazi ikisifiwa au ikilaumiwa, G ndiyo iliyojibu.

Injinia Lucien alifika saa mbili kamili kwa pikapu yake, akasema anatoka Mumosho kwa mama mkwe wake. Adolphine alimtazama akiingia. Watu wengi wakiingia mahali alipokufa mtu hutazama pale alipolala, au hugeuza uso wasipatazame. Lucien alitazama chini. Macho yake yalipita sakafuni, kando ya ukuta, chini ya mapipa, ndipo yakafika kwenye shuka iliyomfunika Muzee. Hapo akavua kofia na machozi yakamtoka, na Adolphine hakuona sababu ya kuyatilia shaka machozi hayo.

Walikaa katika chumba kidogo cha ofisi. Lucien alisema Ijumaa aliondoka saa kumi na nusu jioni, akafika Mumosho kabla ya giza. Muzee alibaki peke yake, na hilo lilikuwa kawaida yake. Kazi ikizidi alilala mjini, na mkewe kule Nyantende hakuwa na wasiwasi. Ijumaa hiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kazini baada ya wiki saba, maana alikuwa amefanyiwa upasuaji wa ngiri.

Adolphine akamwomba amweleze kazi yenyewe inavyofanyika. Lucien alieleza vizuri, kama mwalimu. Kipande cha chuma laini kinachomwa mpaka kiive rangi ya chungwa. Kinawekwa katika kalibu, nyundo inakipiga, kinarudi motoni, kinapigwa tena. Mara tano, ndiyo asili ya jina la karakana. Kisha kinazikwa ndani ya sanduku la majivu, kipoe polepole mpaka jioni.

"Na wakati Muzee alikuwa mugonjwa, kuko kitu ilibadilika?" Adolphine aliuliza.

"Hakuna. Nyundo tano, majivu, kama siku zote."

"Kuko fimbo yenye ilirudishwa na muteja? Yenye iliharibika?"

"Hata moja, Maman OPJ."

Wakati wa kutoka, Lucien aliomba ruhusa ya kuwaita wafanyakazi wafagie, kwa heshima ya marehemu. Adolphine alimjibu kwamba hakuna ufagio utakaoingia humo mpaka yeye aseme. Akaweka lakiri mlangoni.

Shahidi wa kwanza alipatikana ng'ambo ya barabara. Joviale, muuza makala, yaani makaa ya kupikia, alisema Ijumaa saa kumi jioni alisikia ugomvi mkubwa karakanani. Muzee alimfokea Dany, mfuaji mwenzake, akatupa kazi yake nje ya mlango, kipande cha chuma kikabingirika mpaka karibu na magunia ya makala. Dany alikiokota akasema Muzee atajuta. Watu wakaondoka. Lakini saa kumi na mbili Dany alirudi, akaingia langoni, akatoka baada ya dakika chache, mbio, kichwa chini. Mara ikanyesha mvua kubwa, Joviale akaingiza magunia yake ndani, akafunga mlango, na tangu hapo hakuona kitu.

Kabla ya saa sita mchana Dany alikuwa katika kasho, mahabusu ya polisi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na tisa, mabega mapana, viganja vilivyojaa makovu ya cheche. Alikubali ugomvi. Alikubali kurudi. Alisema alirudi kuchukua koti lake, akasikia ndani Muzee akivunja chuma, tak, kisha kimya, kisha tak nyingine, hakuthubutu kuingia. Alipoulizwa kwa nini hakuthubutu, alifunga mdomo. Adolphine alimuuliza mara nne kwa namna nne. Dany aliitazama sakafu, jasho likimtiririka.

Kamishna alifurahi. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha: ugomvi, tishio, na mtu kaonekana akikimbia. Alisema Jumatatu saa tatu asubuhi Dany atapelekwa parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, na kutoka hapo gereza kuu. Adolphine alijua maana yake. Mtu akiingia gereza kuu bila wakili, faili lake linaweza kukaa miaka chini ya faili za wengine, na mke wa Dany alikuwa tayari amekaa nje ya kituo na sufuria ya chakula mapajani, akingoja aruhusiwe kumlisha.

"Chef, niachiye kesho," Adolphine alimwambia kamishna.

"Kesho ni dimanche."

"Njo maana. Hakuna mutu atanisumbua."

Jumapili saa tatu asubuhi, wakati kengele za misa ya pili zinalia, Adolphine alivunja lakiri akaingia karakanani pamoja na Madeleine. Alikuwa amemchagua kwa sababu moja: vichwa vyote vilimalizikia kwake. Madeleine ndiye aliyevipiga tupa, akavipima kwenye mizani, akaipinda shingo ya kila kimoja kulingana na urefu wa mchezaji. Mrefu anataka fimbo iliyosimama zaidi, mfupi anataka iliyolala. Ni upindaji mdogo sana, lakini chuma lazima kikubali.

"Hivi vitatu juu ya meza," Adolphine alisema, "Muzee alikuwa anavifanyia nini?"

Madeleine alivigeuza kimoja kimoja. Badala ya kujibu alikwenda ukutani, akatoa kichwa cha mwaka uliopita kilichotundikwa kama kielelezo. Akakibana katika jiliwa, akaushika mtaimbo, akavuta. Shingo ilijikunja taratibu, kama mtu anayeinama kuokota kitu, ikabaki imepinda bila ufa. Halafu akachukua kichwa kipya kutoka sanduku la kazi ya wiki iliyopita, chenye G ileile ndani ya duara. Akavuta. Kikagoma. Akaongeza nguvu, na Adolphine akarudi nyuma bila kujua kwa nini. Tak. Shingo ilikatika, kichwa kikaruka kikagonga pipa.

Madeleine alimpa vipande viwili avitazame. Ndani ya kile kipya chuma kilimetameta punje punje kama sukari. Cha zamani alikikata nusu kwa msumeno, akakipinda mpaka kikararuka: kilitoka nyuzinyuzi, kama kuni mbichi.

"Tangu lini?" Adolphine aliuliza.

"Kama mwezi moja na nusu. Tupa ilianza kulia. Zamani ilikuwa inateleza, sasa inalia kama mutoto. Na ukigonga mupira, ya zamani inafanya tuf, kama avoka inaanguka mu udongo. Hizi zinalia kengele. Nilimwambia Ingénieur. Alisema masikio yangu ilizeeka."

"Na Muzee?"

"Vendredi, ile siku alirudi ku kazi, alisikia tupa yangu mara moja tu. Mara moja. Akasimama, akaenda ku kazi ya Dany."

Adolphine aliuliza sanduku la majivu liko wapi. Lilikuwa pembeni, refu kama mtumbwi, nusu yake limefunikwa kwa magunia matupu. Madeleine hakuwa akifika upande ule; vichwa aliletewa vikiwa baridi. Adolphine aliweka kiganja juu ya majivu. Yalikuwa yamelowa unyevu na kufanya ganda gumu, na kwenye kona buibui alikuwa amefuma utando wake kutoka ubao hadi ubao. Hakuna chuma cha moto kilichoingia humo kwa wiki nyingi. Injinia alimwambia kila kichwa kinazikwa humo kila siku.

Lakini upande usiofunikwa, ganda lilikuwa limetoboka mahali pamoja. Tundu dogo, ukubwa wa ngumi, lenye kingo mpya.

Adolphine alivaa glavu, akazamisha mkono mpaka kiwiko. Alichotoa kilikuwa kichwa cha fimbo ya gofu kilichosafishwa na kung'arishwa, kimevunjika shingoni, na kwenye ukingo wake wa chini majivu yalikuwa yameganda pamoja na damu na nywele chache nyeupe.

Madeleine aliketi. Kisha akakunja uso, akasogea karibu, akakitazama kile kichwa kama mtu anayemtambua jirani yake mahali asipomtegemea.

"Maman OPJ, hii inaangalia upande ingine."

"Namna gani?"

"Hii ni fimbo namba tano ya seti, ya mutu wa mukono wa kushoto. Tulifanya seti moja tu ya mukono wa kushoto, ya Bwana Josué wa Kigali, mwanzo wa mwezi wa ine. Ilienda. Haiko ya hapa."

Adolphine alivifunga vile vipande, akaandika saa: nne na dakika ishirini. Akabaki amesimama akilitazama lile tundu. Mtu anayetaka kuficha silaha hawezi kuitupa tu juu ya majivu aiache ijizamie. Hii haikufichwa. Iliruka. Fimbo ilivunjika mikononi mwa aliyepiga, kichwa kikapaa gizani kikatua mahali ambapo mwenyewe hakupakumbuka tena, na asubuhi yake akaingia akikitafuta kwa macho sakafuni.

Saa tano alikuwa katika kasho. Hakumwonyesha Dany kichwa kile. Alimwonyesha vile vya punje za sukari, akamwambia, "Papa Dany, kuvunja haukuvunja. Lakini kufua, ulifua weye."

Dany aliviangalia. Halafu yakatoka yote, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. Muzee alipolazwa, vyuma laini walivyoagiza vilikwama bandarini. Mashindano ya Kigali yalikuwa yanakaribia na Injinia alikuwa ameahidi seti thelathini. Akanunua nondo za jengo lililobomolewa, zile za zege, ambazo nondo moja ni laini huku na ngumu kule. Akaamuru nyundo mbili badala ya tano. Na badala ya majivu, pipa la maji, ili kichwa kipoe kwa dakika moja. Dany alijua kuwa nondo ya namna ile ukiitia majini inakuwa kama chupa. Alisema mara moja, hakusikilizwa, hakurudia.

"Na alama?" Adolphine aliuliza. "Muzee alikuwa mu hospitali. G ilipigwa na nani?"

Hapo ndipo Dany alipolia. "Miye. Ingénieur alinipa ile chapa. Nilipiga jina ya Muzee juu ya kazi yangu mubaya, fimbo kwa fimbo. Vendredi aliiona. Hakukasirika juu ya chuma, alikasirika juu ya ile. Nilirudi kumuomba musamaha, si koti. Nikasikia anavunja, nikapata haya, nikakimbia."

"Ulisikia sauti ya mutu mwingine ndani?"

Dany alifikiri. Alisema mvua ilikuwa imeanza kuanguka juu ya mabati, lakini Muzee alikuwa akisema maneno katikati ya ile tak na tak, na Muzee hakuwa mtu wa kuongea peke yake.

Namba ya Bwana Josué ilipatikana kwa Madeleine. Alikuwa mfanyabiashara wa chai, Kiswahili chake kizuri, na alipigiwa saa sita na nusu akiwa mezani. Aliposikia ni polisi wa Bukavu alidhani wanampigia kuhusu Lucie. Adolphine akamwomba aeleze kama vile yeye hajui lolote, na kweli hakujua. Lucie alikuwa mwanamke aliyembebea mfuko uwanjani, mama wa watoto wawili. Tarehe 29 Aprili Josué alipiga mpira kwa namba saba, shingo ikakatika, kichwa kikaruka kikampata Lucie usoni. Jicho la kulia lilipotea. Josué aliandika barua kwa karakana siku hiyohiyo. Ile namba saba iliyovunjika aliibakiza kwake, kwa ajili ya madai ya Lucie. Fimbo saba zilizobaki alizirudisha ndani ya mfuko wao, akamwambia aliyekuja kuzichukua kwamba seti zote zilizouzwa zirudishwe kabla hazijamuumiza mwingine.

"Ni nani alikuja kuzichukua?" Adolphine aliuliza.

"Injinia Lucien mwenyewe. Alhamisi hii iliyopita, Kamembe, karibu na mpaka wenu, saa tisa mchana. Alinishika mkono akaniahidi."

Safari ya kwenda Mumosho ilimchukua Adolphine karibu saa nzima, barabara ikiwa tope tupu baada ya mvua. Mama mkwe wa Lucien, Maman Georgette, alikuwa mjane wa kikatoliki asiyejua kusema uongo na asiyeona sababu ya kujifunza. Alimkaribisha, akamletea kiti. Ndiyo, mkwe wake alilala hapo Ijumaa. Alifika wakati walipokuwa wanamaliza rozari, saa mbili za usiku, nguo zimelowa, hakula. Asubuhi aliondoka mapema, na alimwachia mfuko mrefu wa ngozi aufungie chumbani, akisema asiufungue.

"Na mi sikuufungua," alisema. "Lakini weye ni serikali."

Ndani ya mfuko mlikuwa na fimbo sita za mkono wa kushoto, na ya saba haikuwa na kichwa.

Saa kumi jioni Jumapili hiyo, Adolphine aliwaita wote karakanani. Dany aliletwa na pingu mkononi. Madeleine alisimama karibu na mizani yake. Polisi wawili walikaa langoni. Lucien aliingia wa mwisho, akamsalimu kila mtu kwa jina, akaketi kwenye kiti kilichoachwa wazi mbele ya jiliwa. Kitambaa cheupe kilikuwa kimefunika vitu fulani juu ya meza.

Adolphine alianza kwa upole. Alirudia yale Lucien aliyomwambia Jumamosi: hakuna kilichobadilika, nyundo tano, majivu kila siku. Kisha akamwonyesha utando wa buibui. Akamwonyesha pipa la maji. Dany akarudia mbele yake habari ya nondo. Lucien alisikiliza bila kukatiza. Mwisho akakubali kwa kutikisa kichwa, akasema ndiyo, alidanganya, aliona haya kama kiongozi, lakini kubadilisha chuma si kuua mtu.

"Kweli," Adolphine alisema. Akafunua kona moja ya kitambaa. "Na hii?"

Lucien alikitazama kile kichwa cha namba tano, na rangi ikamtoka usoni. Lakini alikuwa mtu mwerevu. Akasema kwamba basi aseme ukweli wote: seti ya Kigali ilirudi, aliificha habari hiyo, na Ijumaa saa kumi na nusu alimwachia Muzee mfuko mzima aukague, kisha akaenda zake Mumosho. Aliyeingia baada yake angeweza kuchukua fimbo yoyote. Akamwangalia Dany aliposema hayo. Dany alifumba macho.

"Ulimuachia Muzee mufuko muzima," Adolphine alirudia.

"Muzima."

"Fimbo saba."

"Saba."

"Na haukurudi tena hapa mpaka samedi asubuhi, na miye nilikuwa hapa."

"Ndiyo."

Adolphine alivuta kitambaa chote. Mfuko wa ngozi ulikuwa pale, fimbo sita zimepangwa, na ya saba, ule mpini mtupu uliochongoka mwishoni, umelazwa peke yake.

"Hii mufuko natoka nayo mu chumba ya Maman Georgette. Anasema ulifika saa mbili ya usiku, umelowa. Anasema ulimuomba asifungue, na hakufungua. Ni mama ya heshima, Ingénieur. Sipendi umuite mwongo."

Nje watu walikuwa wanapita kutoka kanisani wakiongea na kucheka. Lucien alinyoosha mkono, akauchukua ule mpini usio na kichwa kabla polisi hawajamzuia, akautazama mahali ulipokatikia, akauweka tena mezani kwa uangalifu.

"Nilisema itakuwa wiki mbili tu," alisema. "Mpaka chuma ya kweli ifike. Halafu barua ya Josué ikafika. Nilikuwa naisoma kila siku, nairudisha mu tiroir ya meza."

Alieleza bila kulazimishwa. Ijumaa jioni aliegesha pikapu mtaa wa nyuma, akarudi kwa miguu na mfuko begani, wakati Joviale alikuwa akimpimia mteja makala. Alitaka kumwomba Muzee amsaidie kuzifua upya zile fimbo kwa siri, na nyingine zote kidogo kidogo, zikirudi moja moja kama za kusafishwa. Muzee alimsikiliza huku akivunja vichwa mezani, kimoja baada ya kingine. Alivunja vitatu. Kisha akauliza kwa nini seti ya Josué imerudi, na Lucien, ambaye kwa siku kumi na nne hakumwambia mtu, alimwambia habari ya jicho la Lucie.

"Muzee alisema nini?" Adolphine aliuliza.

"Alisema lundi ataandikia kila muteja, na atavuka kwenda kuona yule maman, na atamwambia jina ya mutu mwenye alifanya ile kazi. Nilimuomba. Nilipiga magoti, Maman OPJ, hapa. Nilimwambia atelie itakufa, nitafungwa, batoto yangu batabeba ile jina. Akanigeukia mugongo, akatafuta mutaimbo. Alisema, 'Na jina yangu, inabebwa na nani?' Fimbo ilikuwa mu mukono yangu. Sikuichagua."

"Na ikakatika."

"Ikakatika. Hata ile." Alijifuta uso. "Nilitafuta kichwa mpaka nikasikia batu ku barabara. Sikuwaza majivu. Hata kidogo."

"Fimbo zingine, juu ya nini haukuzitupa mu Ruzizi? Mumosho na mutoni ni hatua chache."

Lucien alifikiri kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani. "Nilitaka kuzichoma tena. Nizifue nyundo tano, kweli kweli, nimurudishie Josué. Nilikuwa nafikiri bado naweza."

Madeleine alitoka nje. Adolphine alimfungua Dany pingu kwa mkono wake mwenyewe, na zilezile zikafungwa mikononi mwa Lucien, saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Dany hakukimbilia kwa mkewe aliyekuwa langoni. Alikwenda kwanza kwenye sanduku la kazi, akaanza kuvitoa vichwa vyenye G, kimoja kimoja, akivitenga. Madeleine aliporudi hakumuuliza anafanya nini. Alileta orodha ya wateja, akaanza kusoma majina.

Jumatatu asubuhi, saa ileile ambayo Dany angepelekwa parquet, Adolphine alipanda Nyantende kwa miguu kutoka mahali gari lilipokwama. Francine, mjane wa Muzee Gérard, alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake wa matanga. Adolphine alimsimulia yote, kuanzia nondo mpaka mama mkwe wa Mumosho, hakuficha wala hakupamba. Francine alisikiliza mikono imelala mapajani. Aliposikia jina la Lucien alitikisa kichwa polepole. Mtu huyo alikuwa amekula nyumbani kwake mara nyingi.

Wanawake walianza kusema mengi kuhusu Lucien. Francine aliwaacha waseme. Kisha akainama upande wa Adolphine.

"Yule maman wa Kigali. Jicho yake ilipona?"

"Hapana, maman. Ilipotea."

"Na banamuambia ni nani alimufanyia?"

"Anajua tu ile iko juu ya chuma. G."

Francine akamtuma mmoja wa wale wanawake ndani, naye akarudi na karatasi iliyochanwa katika daftari na kalamu iliyotafunwa mwisho wake.

"Bwana yangu alisema lundi ataandika," alisema. "Leo ni lundi. Mi sijuwi kuandika, andika weye."

Adolphine aliweka karatasi juu ya goti, akangoja. Francine alitazama mbele, kama vile yule aliyeandikiwa amekaa hapo mkekani mbele yake.

"Andika: Maman Lucie, miye ni Francine, muke ya Gérard. Bwana yangu alikufa vendredi. Ile chuma haikukuwa kazi yake, lakini jina yake ilikuwa juu, na alikuwa anataka kuvuka, kuya kwako. Tukisha kumuzika, nitakuya miye."